Kadar na Adeer wa Uongo

Jua likipungua ukali pale Habaswein, watu wanatoka nje. Mbuzi wanarudi na vumbi lao. Akina mama wanachemsha chai. Wanaume wanaelekea dukani kwa Salat, na si kwa sababu ya sukari wala majani. Wanaenda kwa sababu Salat ana taar.

Taar ni redio ya kuitana. Inafanya kazi na betri ya gari, na waya wake mrefu umefungwa juu ya mti wa mgunga nyuma ya duka. Ukitaka mtu wa Kutulo, unamwita kwa taar. Ukitaka mtu wa ng'ambo, Salat anamwita mwenzake wa Nairobi mwenye taar na simu. Yule wa Nairobi anapiga simu ng'ambo, kisha anaweka simu mdomoni mwa redio. Hivyo tu. Ukimaliza kusema unasema "ova", ndipo mwenzako anajibu. Sauti inakuja na kelele kama mahindi yanakaangwa, lakini ni sauti ya mtoto wako, na wewe umekaa Habaswein juu ya gunia la mchele.

Abdille alikuwa mtu wa ngamia, na mtu wa sauti kubwa. Mke wake Batula alikuwa akisema, huyu mzee akinong'ona, ngamia wa jirani wanaamka. Mwaka ule, tisini na sita, mtoto wao Kadar alikuwa amepata nafasi kusomea dawa huko India, mji wa Pune. Hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kusomea dawa. Ngamia waliuzwa, wazuri kabisa, na hakuna aliyelalamika. Pasipoti yenyewe ilichukua muda mrefu kupatikana. Si mnajua zile safari za ofisini, njoo kesho, njoo na chifu, njoo na mzee wako.

Sasa Kadar alikuwa amefika, na Abdille alikuwa ameshika kile chombo cha kuongelea kwa mikono miwili.

"Haloo! Kadar! Unanisikia? Ova!"

"Nakusikia, aabo," akasema Kadar, yaani baba. "Assalaam aleikum. Ova."

"Waaleikum salaam! Umekula? Ova!"

Watu dukani wakacheka. Mtoto amevuka bahari, swali la kwanza ni chakula.

"Nimekula, aabo. Ni wali na pilipili, asubuhi na jioni. Ova."

"Maskini mtoto wangu! Unakaa wapi? Ova!"

Kadar akataja nyumba ya wanafunzi, na mtaa. Abdille akarudia kwa sauti, ili wote wasikie vizuri. Akauliza chuo kinaitwaje. Kadar akataja, Abdille akarudia. Akauliza karo atalipa lini. Wiki ijayo, akasema Kadar. Akauliza pasipoti iko wapi.

"Iko kwa sanduku, aabo. Chini ya kitanda. Ova."

"Vizuri! Na watu wetu wako huko? Ova!"

"Sijaona mtu. Niko peke yangu, aabo." Sauti ya kijana ikapungua. Hata ova alisahau.

Abdille moyo ulimuuma. Akafikiria atampa nini mtoto aliye mbali hivyo. Akampa kile baba yake alichompa yeye. Akaanza kumhesabia mababu. Kwa watu wa kule mtoto anafundishwa majina ya mababu zake kabla ya kufundishwa kuchunga mbuzi. Mkikutana ugenini, wewe unahesabu wako, yeye anahesabu wake, na mahali majina yanapokutana, hapo ndipo undugu unaanza. Atakulaza, atakulisha, hatakuuliza kitu.

"Kadar wa Abdille, wa Dakane, wa Hanshi..." Abdille alihesabu mpaka akaishiwa pumzi. "Ukikutana na mtu wetu, mwambie hivyo! Ova!"

Kabla Kadar hajajibu, sauti nyingine ikaingia kwa redio. "Mashallah, mzee! Mungu amsaidie kijana. Hapa Dagahaley tunakusikia safi kabisa!"

"Amin! Amin!" Abdille akajibu kwa furaha. "Ni mwanangu! Anasomea dawa!"

Alirudi nyumbani akitembea kama bwana harusi. Ile siku, akiikumbuka sasa, anavuta kitambaa chake cha begani na kufunika uso.

Wiki haikuisha, Salat akamtuma mtu mbio. Kadar yuko kwa taar.

"Aabo! Nimepata adeer! Ova!"

Adeer ni ndugu wa baba, baba mdogo ama baba mkubwa. Abdille akasimama. "Adeer gani? Ova!"

"Anaitwa Gedi. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Anaongea kama watu wa nyumbani kabisa. Ameleta halwa! Amehesabu mababu, aabo, mmekutana kwa babu wa saba. Hata jina lako analijua. Ova."

"Allahu Akbar! Si nilikuambia?" Abdille akawageukia watu dukani. "Si nilisema? Damu haipotei!"

Batula alikuwa amekuja naye siku hiyo, amekaa mlangoni na shungi lake. "Wewe Abdille, huyo Gedi ni mtoto wa nani? Mimi simjui."

"Utawajua wote wewe? Watu wetu wamejaa dunia."

"Nauliza tu."

"Unauliza sana."

Kwenye redio Kadar bado alikuwa na neno. "Aabo, kuna kitu. Hapa mgeni lazima ajiandikishe polisi akifika. Adeer Gedi anasema yeye anajuana na wakubwa. Nimpe pasipoti na pesa ya karo, atapeleka polisi na chuoni siku moja, nisipange foleni. Mimi nilifikiri niende mwenyewe. Chuo wametuambia twende wenyewe. Unasemaje? Ova."

Sasa hapa ndipo neno lilipotoka. Kijana alikuwa amefikiri vizuri. Alikuwa ameuliza vizuri. Angeambiwa tu, nenda mwenyewe, mambo yangeishia hapo.

"Kadar!" Abdille akasema, na sauti yake ilikuwa ya baba. "Mtu amehesabu mababu zako, wewe unamwekea shaka? Unataka kuniaibisha? Mpe! Adeer yako huyo. Ova!"

Mahindi yakakaangwa redioni.

"Haya, aabo," Kadar akasema.

Baada ya hapo taar haikuleta sauti ya Kadar tena. Abdille alikuwa anaenda kwa Salat kila jioni, anakaa, anakunywa chai, anarudi. Akimwita, mtu wa Nairobi anasema simu inalia, Kadar hayuko. Mwezi ukapita, mwingine ukaja. Batula aliacha kuuliza, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuuliza.

Halafu Idman akaja likizo. Idman ni binti wa marehemu kaka yake Abdille. Alisomea unesi huko huko India miaka ya nyuma, na sasa alikuwa anafanya kazi hospitali Garissa. Aliingia na zawadi ya kanga kwa Batula, akakaa kwenye mkeka, akauliza habari za Kadar.

"Kadar yuko vizuri," Abdille akasema haraka. "Ana adeer huko."

"Adeer gani huyo nisiyemjua? Mimi nimekaa India, watu wetu tulikuwa tunajuana wote."

Abdille akamweleza, halwa na mababu na polisi. Alipofika kwa pasipoti, Idman aliweka kikombe chini.

"Adeer, nikuulize. Hayo majina ya mababu, kabla Gedi hajaja, ulikuwa umeyasema mahali?"

"Niliyasema kwa taar. Nilikuwa namkumbusha mtoto."

"Na chuo?"

"Kwa taar."

"Na mtaa, na siku ya karo, na pasipoti iko wapi?"

Batula alijibu kwa ajili yake. "Yote. Tena kwa sauti."

"Adeer, taar si simu," Idman akasema polepole. "Simu ni watu wawili. Taar ni kama adhana. Kila mwenye redio anasikia, mpaka Nairobi, mpaka mpakani. Mtu mbaya anaketi na kalamu, anasikiliza wazee wakiongea na watoto wao. Anapata jina, anapata mji, anapata mababu. Kisha anampigia mwenzake simu huko. Huyo mwenzake ananunua halwa."

Abdille akakumbuka sauti ya Dagahaley. Yule labda alikuwa mtu mwema tu, alisikia akaombea dua. Lakini kama yeye alisikia, nani mwingine alikuwa amenyamaza akisikia?

"Mimi nilimwambia ampe," akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Yeye hakutaka. Mimi nilimwambia."

Kesho yake walipanda lori la mbuzi, Abdille na Idman, wakaenda Garissa. Idman alikataa kabisa kutumia taar. Walienda posta, kwenye kile kijumba cha simu chenye mlango. Idman hakupiga nyumba ya wanafunzi. Alipiga ofisi ya chuo, akaongea Kiingereza, akaomba Kadar aitwe. Wakangoja nje ya kijumba, wakapiga tena.

Kadar akaja. Idman akampa Abdille simu.

"Kadar."

Abdille akasikia mwanawe analia. Mtoto huyu hakulia hata siku alipovunjika mkono kisimani.

Gedi alikuwa ameondoka na pasipoti na karo na hakurudi. Ile nyumba aliyosema ni yake, wenyewe hawakumjua. Chuo walimngoja Kadar, wakampa nafasi yake mtu mwingine. Alikuwa analala kwa wanafunzi wa Sudan, sakafuni, na anaogopa polisi kwa sababu hana karatasi.

"Kwa nini hukusema?" Abdille akauliza.

"Ningesema nini, aabo? Mliuza ngamia. Na taar, watu wote wangesikia mimi ni mjinga."

"Mjinga si wewe." Abdille alishika ukuta wa kijumba. "Wewe ulitaka kwenda mwenyewe. Neno lilikuwa langu. Nisamehe, mwanangu."

Katika nchi ile baba hamwambii mtoto maneno hayo. Idman aligeuka akatazama barabara.

Kisha alichukua simu, akaongea na Kadar kama mtu anayefunga kidonda, haraka, bila kupoteza neno.

"Sikiliza. Leo, enda polisi, useme umeibiwa. Usiogope. Kujificha ndiko kutakufunga, si kuibiwa. Wakupe karatasi ya ripoti. Ukiwa nayo, enda ubalozi wa Kenya, Delhi, wakupe karatasi ya kusafiria. Mwambie pia yule wa chuo anayeshughulikia wageni, ameona wengi kama wewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Lakini Idman, kuna mtu amekuja jana. Anasema anajua pasipoti iko wapi. Nikimpa pesa kidogo ataileta."

"Usimpe hata senti! Huyo ni mkono wa pili wa mwizi yule yule. Amejua umeumia, anajua utashika chochote. Ukimwona tena, mtaje polisi."

"Haya."

"Na Kadar. Mtu akikuharakisha, akikwambia usiulize chuo, usiwaambie wengine, hapo ujue. Ndugu wa kweli atapanga foleni na wewe."

Kadar alirudi nyumbani kwa karatasi ya kusafiria, yenye picha yake amekonda. Alipata kazi ya kufundisha watoto wadogo shule ya msingi, mwalimu bila cheti. Vitabu vyake vya dawa Batula alivifunga kwa kitambaa, akaviweka juu ya kabati. Ombi la pasipoti mpya lilipelekwa Garissa. Walingoja.

Hakuna aliyemcheka Kadar. Abdille alihakikisha hilo. Alienda kwa Salat jioni moja, duka limejaa, akasimama, akasimulia yote mwenyewe, hata lile neno "mpe." Wazee walitazama chini. Salat akazima redio ili wasikilize.

"Kuanzia leo," Abdille akasema, "hapa kwa taar tunasalimiana, tunaulizana afya, basi. Chuo, mtaa, pesa, pasipoti, hayo ni ya simu ya Garissa."

"Na mtu akija na mababu?" akauliza mzee Alio. Yeye alikuwa anampeleka binti yake Saado kusoma Khartoum.

Kadar ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni. "Mababu wanajulikana na kila mtu, adeer Alio. Idman amenifundisha. Kila nyumba iwe na swali lake, kitu kidogo cha kipuuzi ambacho ni nyinyi tu mnakijua. Msikiseme kwa redio kabisa. Mtu akija kwa jina la Saado, mwulizeni hicho. Na Saado naye awaulize nyinyi."

"Cha kipuuzi?" Alio akacheka. "Hiyo tunayo nyingi."

Kadar alikaa na Saado na mama yake jioni kadhaa kabla ya safari. Alimwambia pasipoti ibaki kwake, na kopi iachwe nyumbani. Karo ailipe mwenyewe kwenye ofisi ya chuo, apewe risiti. Namba ya simu ya bweni akaiandika kwa mama yake, si kwa redio. Alikuwa anaongea vizuri. Abdille alikuwa anasikiliza kutoka nyuma ya ukuta wa miti, na kila neno zuri lilikuwa linamchoma, kwa sababu kijana huyu angekuwa daktari wa dawa mzuri sana.

Halafu ukaja ule mwaka wa mvua kubwa. Wazee hawakuwahi kuona maji namna ile. Barabara ya Garissa ilikatika, malori yakazama, ngamia wakafa kwenye matope. Habaswein ikawa kisiwa. Hakuna kwenda kupiga simu posta. Ilibaki taar tu.

Na ndani ya mvua hiyo, sauti ikaja kwa Salat.

"Natafuta familia ya Saado binti Alio. Saado amelazwa Khartoum. Anapasuliwa leo. Pelekeni pesa kwa mtu wetu Nairobi, haraka. Ova."

Mama yake Saado alipiga ukelele. Alio alishika kichwa. "Salat! Mwambie mwenzako wa Nairobi alipe, mimi nitauza kila kitu! Nitauza mpaka nyumba!"

"Adeer, ngoja," Kadar akasema.

"Ningoje nini? Mtoto anakufa!"

"Swali, adeer."

"Achana na swali!"

Abdille akamshika Alio mabega. "Mimi sikungoja, Alio. Ngoja wewe."

Kadar akachukua chombo. "Asante, ndugu. Mwulize Saado, ngamia gani alimvunja jino? Ova."

"Hawezi kuongea, ana mashine mdomoni! Ova."

"Basi tutangoja aamke. Ova."

"Mnataka afe? Nyinyi ni watu gani? Mimi ni damu yenu!" Na ile sauti ikaanza kuhesabu mababu za Alio, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea hata jina. Mvua tu ilisikika kwenye mabati. Abdille akakumbuka kwamba hivyo ndivyo Gedi alivyobisha mlango wa Kadar.

Kadar akabadilisha chaneli ya redio. Akamwambia Salat amwite yule mtu wao wa Nairobi, apige simu bwenini kwa Saado. Namba ya bweni haikusemwa redioni. Alio alikuwa amempa yule wa Nairobi kwa mkono alipompeleka Saado uwanja wa ndege. Wakangoja. Abdille alikuwa bado amemshika Alio mabega.

"Haloo?" Sauti ya msichana, yenye kelele za mahindi. "Aabo? Kuna nini? Nilikuwa nafua nguo! Ova."

Mama yake alikaa chini hapo hapo.

"Saado," Kadar akasema, "ngamia gani alikuvunja jino? Ova."

"Ngamia? Wewe Kadar umerogwa? Ni punda! Ova!"

Duka likalipuka kwa kicheko. Hata Salat alimwaga chai, na haikuwa hasara. Kadar naye alicheka. Kisha akawaambia swali hilo limesikika, limekufa, watafute lingine barabara ikifunguka.

Usiku huo Alio alimleta beberu mweupe mpaka kwa Abdille, na mvua yote ile. Alipoondoka, baba na mwana walibaki barazani wakitazama maji yanavyopita.

"Umemwokoa mtoto wa watu," Abdille akasema.

"Alhamdulillahi."

"Mimi sikukuokoa."

"Aabo, yameisha. Hata mimi nilikuwa na mdomo. Ningekataa."

"Ungenikatalia mimi? Baba yako, watu wote wanasikia?"

Kadar alikuwa kijana mkweli. "Hapana, aabo. Nisingeweza."

Abdille akatikisa kichwa. Maji yalikuwa yanavuma gizani.

"Basi wafundishe hao wanaoenda," akasema. "Wafundishe kukataa. Hata baba zao."